Mpimaji Haambiwi

Mimi ndiye nisiyeambiwa.
Ndiyo kazi yangu hapa Łódź, na nalipwa kwayo.
Ghorofani, katika kabati la chuma, kuna bahasha,
na ndani ya kila bahasha neno limekunjwa:
glavu, au mazoezi ya kawaida.
Daktari Jaroszek anajua. Wauguzi wanajua.
Hata mzee wa lifti, nadhani, anajua.
Mimi nina saa ya sekunde, ubao wa matundu tisa,
vijiti tisa, na fomu yenye nambari bila majina.

Lakini majina nayajua.
Kila Jumanne Bi Bogumiła Kruk, nambari arobaini na moja,
hushuka tramu ya saa tatu, theluji mabegani.
Miaka thelathini na sita alikaa mbele ya cherehani,
mashati ya wanaume, kola na vifungo,
mpaka asubuhi ile ya Novemba kiharusi kilipomjia
na mkono wa kulia ukatua kikombe
pale ambapo meza haikuwapo.

Maneno nayo yakamhama. Yamebaki matatu:
"ndiyo", "sasa", na tusi moja la Kipolandi
ambalo silitafsiri.
Kwa hayo matatu huendesha siku nzima,
hununua mkate, hugombana na mwanawe Zenon kwa simu.

Kila mara namwambia, kama kanuni inavyotaka:
"Usinieleze unachofanya nyumbani."
Hucheka sana. Mtu wa maneno matatu
anaombwa anyamaze.

Kijiti cha kwanza.
Vidole vinapapasa kama wageni wasioujua mlango.
Kinaanguka. Naruhusiwa kuhesabu, siruhusiwi kuokota.
Cha pili. Cha pili tena.
Mkono wa kushoto, ule mzima, umelala pajani,
kimya, kama shangazi aliyekatazwa kuingilia.
Sekunde mia na kumi na nne.

Wiki ya tatu, tisini na sita.
Wiki ya tano, mia na mbili: hakulala, ukucha umevunjika,
na sehemu ya maoni kwenye fomu
ina upana wa kidole gumba.
Nambari arobaini, Bwana Hieronim, anazidi kwenda kasi
na sijui kwa nini,
na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Wiki ya saba akavua koti,
mkono wa sweta ukapanda kidogo,
nikaona: kifundoni, mkono wa kushoto,
duara jekundu la mpira uliobana,
bangili ambayo hakuna aliyeinunua.
Glavu.
Mkono mmoja haulei mwana, tunasema;
kumbe huyu amefungiwa mmoja makusudi
ili mwingine ulelewe.

Niligeukia dirisha, bomba la moshi la kiwanda
ambacho siku hizi kinauza kahawa na viatu.
Nilichelewa. Macho hayana pazia.

Fomu inauliza: Je, umetambua kundi la mgonjwa?
Kalamu ikasita.
Ningeandika hapana,
na nambari zake zingekuwa safi kwa kila mtu isipokuwa mimi.
Maana nilishaanza kumtakia heri,
na heri hupinda saa:
kidole changu kingekawia kubonyeza mwanzo,
kingewahi kubonyeza mwisho,
nusu sekunde ya huruma,
na deni lake lingelipwa na mgonjwa wa mji mwingine,
mtu nisiyemjua, anayefungwa glavu kwa sababu ya uongo wangu.

Nikaandika: Ndiyo.

Jumanne ijayo atapimwa na Ludwik,
mwenye vidole baridi na macho yasiyopanda juu ya ubao.
Sikuweza kumweleza. Nilimpa koti lake.

Akasimama mlangoni, akalishika kwa mkono wa kulia,
akatafuta tundu la kifungo cha juu.
Saa ilikuwa mfukoni mwangu. Niliiacha huko.
Kifungo kikaingia tundu la pili.
Akatukana.
Akakitoa.
"Sasa," akasema, na kuanza upya,
na tramu ya saa nne ikapita bila yeye.